Kushuka Nyanza-Lac

Ilias alikuwa na kazi mbili ndani ya Echo ya Buyenzi, na zote mbili alizifanya akiwa ameketi. Njiani aliendesha hiasi, basi dogo la bendi. Ukumbini alikalia spika kubwa na kupiga gita la besi, macho chini, kama mtu ambaye bado anaangalia mashimo ya barabara. Watu wa Buyenzi, mtaa wake wa Bujumbura, waliomjua tangu utotoni walimwita fundi tu, kwa sababu alikulia gereji, mikono myeusi kwa oili, mpaka siku shemeji yake Shakuru alipomtoa chini ya gari na kumwambia kwamba mtu anayesikia injini inaumwa wapi hawezi kushindwa na nyuzi nne. Shakuru alikuwa ndiyo kwanza amemuoa Hayat, dada mkubwa wa Ilias. Tangu hapo wanaume hao wawili hawakuachana.

Shakuru ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Alipiga solo, alitunga nyimbo, aliongea na wenye baa, na hata walipolala garini shati lake asubuhi lilionekana limepigwa pasi. Wote walimwita Shefu, isipokuwa Ilias aliyemwita shemeji. Mwimbaji alikuwa Mathilde, mwanamke wa Uvira, upande wa Kongo, aliyevuka mpaka zamani na kujenga Gatumba, akiuza vitenge huku na huku, mpaka maji yalipoingia nyumbani kwake mara ya pili na kumsukuma hadi Carama, kaskazini mwa mji. Mdogo wake Prodige alipiga ngoma. Zamani bendi ilikuwa na watu wengi, wapiga tarumbeta na wachezaji wenye suti za rangi moja, lakini waliondoka mmoja mmoja, wengine Kigali, wengine Nairobi, mmoja akawa mchungaji. Wakabaki wanne, na wanne wanaingia vizuri ndani ya hiasi pamoja na vyombo vyao.

Maisha yao yalikuwa barabarani. Mjini harusi zilishachukuliwa na vijana wa DJ, mtu mmoja na kompyuta yake, halafu watu wanasema muziki ulikuwa safi. Huko mikoani bado walipenda kuona mtu anapiga gita kwa vidole vyake. Kwa hiyo Echo ya Buyenzi ilijua Muyinga, ilijua Ngozi na Rutana, ilijua stoo za baa ambako unalala katikati ya kreti za bia na panya wanapita juu ya miguu. Mathilde alibadilisha nguo jikoni huku wapishi wakimpisha. Shakuru na Ilias waliswali nyuma ya gari, viatu vimepangwa kando ya tairi, Prodige akiwalindia vyombo. Kuna wenyeji waliowapokea kama wafalme, na kuna wengine waliozima simu baada ya wimbo wa mwisho. Walikuwa wamezoea yote mawili.

Kitu kimoja tu ndani ya hiasi hakikujulikana na wote. Shakuru alikuwa na ugonjwa wa sukari, tena ule wa kujichoma sindano. Dawa aliitembeza ndani ya chupa ya chai iliyojaa vipande vya barafu, na alijichomea chooni, au nyuma ya migomba, akirudi anafunga kishikizo cha shati. Hakutaka ijulikane. Alisema bendi ya mgonjwa haiitwi popote, na mwenye harusi hataki kiongozi atakayemwangukia mbele ya wageni. Aliyejua ni Ilias peke yake, na alijua kwa sababu Hayat alimwambia. Kila safari, kabla gari halijawashwa, Hayat alikuja mpaka dirishani kwa dereva na kumwomba mdogo wake amtazamie mumewe. Hakusema zaidi. Ilias aliitikia kwa kichwa, naye Shakuru akajifanya anafunga mlango wa nyuma.

Safari hii ilikuwa fupi kwa maneno. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anaoza binti yake kwenye senta ndogo ya maduka milimani, juu ya Nyanza-Lac, mji wa kusini kando ya ziwa, na alitaka bendi, si DJ. Uhaba wa mafuta ulikuwa umeshafika mahali pabaya. Bujumbura watu walitembea kwa miguu kutoka kazini, foleni za magari zilizunguka mitaa mizima, na wenye magari walilala ndani yake wakiamini tetesi za lori la mafuta. Mfanyabiashara alimwambia Shakuru aje tu, mafuta ya kurudi atayapata kwake, anayo kwenye mapipa. Ilias alipata esanse, petroli ya kwenda, kwa kubembeleza watu wa gereji alikokulia. Walipofika, walipiga harusi vizuri, Mathilde aliimba mpaka bibi harusi akalia, wazee wakacheza. Asubuhi yake mfanyabiashara akawaonyesha mapipa. Yalikuwa matupu. Magari ya wageni wa ukoo yaliyamaliza usiku, na yeye mwenyewe alikuwa na aibu hata ya kuwaangalia machoni.

Ndipo kukaa kulipoanza. Ilias alinyonya kwa mpira mafuta yaliyobaki ndani ya jenereta ya bendi akayatia kwenye gari, yakatosha tu kuisogeza hiasi mpaka kituo cha mafuta cha senta, wakawa wa tatu kwenye foleni isiyosogea. Kila siku mtu fulani alikuwa amesikia kwamba lori liko njiani. Lori halikuja. Walipiga gita bila umeme kwenye baa iliyo jirani na kituo, na mwenye baa akawalisha maharage na bugali. Kulikuwa na baridi ya milimani ambayo watu wa Buyenzi hawaijui, ukungu unaingia garini alfajiri, na Mathilde alijifunika kitambaa cha spika.

Barafu haikuwepo senta ile. Kwanza Shakuru aliifunga dawa yake kwa kitambaa kilicholowa, halafu, ilipoanza kwisha, akaanza kuipunguza, akijichoma nusu ya kile alichotakiwa, halafu nusu ya hiyo nusu. Ilias alimuuliza, akajibiwa kwamba inatosha. Aliuliza tena siku iliyofuata na Shakuru akamkasirikia, jambo ambalo si kawaida yake, akamwambia ashughulike na gari. Ilias akashughulika na gari. Baadaye neno hilo lilimrudia mara nyingi akiwa peke yake: kwamba aliambiwa ashughulike na gari, naye akakubali.

Asubuhi moja Shakuru hakuinuka. Alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, midomo imekauka, anapumua kwa kasi kana kwamba amepanda mlima, na pumzi yake ilikuwa na harufu tamu ya matunda yaliyooza. Alitapika chini ya mlango. Alipoulizwa dawa iko wapi alionyesha chupa ya chai, na Ilias alipoifungua hakukuta kitu, ila kitambaa na kichupa kikavu.

Watu wa kituo walimwambia kwamba chini kidogo, upande wa njia inayotoka Tanzania, kuna kijana anayepitisha esanse kwa pikipiki. Ilias alikodi baiskeli. Kabla ya kuondoka alimwambia Mathilde amkalie Shefu na ampe maji, maji tu, mengi kadiri atakavyotaka. Hakumwambia kwa nini. Siri ilikuwa ya mwenyewe, na mwenyewe alikuwa palepale anamwangalia.

Yule kijana wa pikipiki alipatikana baada ya kuzunguka sana. Hakutaka gita ambalo Ilias alimletea kama malipo. Alilishika, akaligeuza, akalirudisha. Alichotaka ni jenereta, na alipotamka hilo Ilias hakubishana, akampakia nyuma ya ile baiskeli aliyokodi na kurudi naye senta ili aichukue. Kidumu cha esanse kilikuwa cha manjano, kimezibwa kwa nailoni. Ilias alikinusa. Alijua palepale kwamba kimechanganywa, kwamba ndani mna mafuta ya taa na huenda na maji. Mtu aliyekulia gereji hadanganyiki kwa hilo. Lakini hakukuwa na kidumu kingine. Alikipokea kwa mikono miwili.

Alipoufungua mlango wa hiasi aliona chupa mbili za Fanta zimelala sakafuni, tupu. Mathilde alikuwa amemwinua Shakuru kichwa na anampangusa shingo kwa kanga.

Ilias aliuliza ni nani amempa hiyo. Aliuliza kwa sauti ya chini, na Mathilde akaogopa zaidi kuliko kama angepiga kelele.

"Mi nilimupa," Mathilde akasema. "Aliniomba sana. Maji alikuwa anakataa. Nilifikiri itamupa nguvu."

"Mathilde, Shefu eko na ugonjwa ya sukari."

Mathilde alizitazama zile chupa, akaziokota moja moja, akaziweka kwenye mfuko wake wa nguo kana kwamba kuna mtu atakayekuja kuziulizia. Prodige alikuwa amesimama nje, mkono kwenye kitasa cha mlango, na yeye pia alikuwa hajui.

Walimbeba mpaka zahanati ya senta. Muuguzi wa pale, kijana mpole anayeitwa Adrien, alimtoboa Shakuru kidole, akatia tone la damu kwenye kijimashine cha kupimia sukari, na kijimashine hakikutoa namba yoyote. Alieleza kwamba sukari ikipita kiasi kinachoweza kupimwa hakitoi namba. Alimtundikia maji ya chumvi. Insulini hakuwa nayo. Ya mwisho ilitumika, na gari la kuleta dawa lilikuwa linangoja mafuta kama magari mengine. Ambulansi ilikuwepo, unaiona pale uani, safi kabisa, na tangi lake kavu. Alisema mgonjwa afike hospitali ya Nyanza-Lac leo, si kesho, na alipiga simu huko mwenyewe kuuliza kama dawa ipo. Ilikuwepo.

Mathilde alimvuta Adrien pembeni. Alimweleza habari ya Fanta, na akamuuliza kama ni yeye aliyemuua. Adrien alimwambia kwamba mgonjwa hajafa, na kwamba Fanta haikumfikisha pale. Kilichomfikisha ni siku zote hizo bila sindano. Alimweleza kwa Kirundi, akarudia kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili chake kidogo. Mathilde aliitikia kila lugha, na ilionekana hakuna hata moja iliyoingia.

Barabara ya kushuka Nyanza-Lac ni ndefu na imepindapinda, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine mashamba ya mihogo yanayoanguka hadi huwezi kuona mwisho wake. Ilias aliamua kutowasha injini. Mteremko ni bure, alimwambia Prodige. Ile esanse mbovu wataitumia kule chini kwenye tambarare. Wenye magari ya foleni waliwasukuma mpaka ukingo wa senta, hiasi ikaanza kuteremka yenyewe, kimya, matairi tu yakisikika. Breki bila injini ni nzito. Ilias aliikanyaga kwa miguu miwili kwenye kona, harufu ya breki zinazoungua ikajaa ndani, na mara mbili aliisugua hiasi kwa makusudi kwenye ukuta wa udongo ili ipunguze mwendo. Waendesha baiskeli waliobeba ndizi walijitupa pembeni. Prodige alikuwa anasali kwa sauti.

Nyuma, Shakuru alikuwa amelalia mapaja ya Mathilde, dripu imefungwa kwenye ndoano ya pazia. Alikuwa anaongea. Alidhani wanakwenda kupiga. Alimgombeza Prodige kwamba anakimbiza wimbo, kwamba harusi si mbio, aachie gita lipumue. Alimuuliza Mathilde kama amekumbuka viatu vya jukwaani, naye akajibu kwamba amevikumbuka. Kisha akauliza kama wamefika. Ilias alijibu kutoka mbele kwamba wamekaribia, na hapo ndiyo kwanza ziwa lilikuwa limeonekana, mbali chini, jeupe kwa jua.

Walifika chini salama. Ilias aliwasha injini, ikashika. Ilikwenda vizuri kati ya michikichi, kiasi kwamba alianza kufikiri labda pua yake ilimdanganya, halafu ikakohoa, ikaruka, ikakohoa tena, ikazima. Alishuka mbio. Alifungua bomba la mafuta, akalipuliza kwa mdomo, akatema, akalipuliza tena. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa maji kuliko esanse. Alisafisha, akafunga, akawasha. Ikaenda kidogo, kama mtu anayechechemea, ikazima kabisa. Alirudia mpaka bateri ikachoka na ufunguo ukawa unageuka bila jibu. Midomo yake ilikuwa imevimba kwa mafuta.

Hakukuwa na gari lililopita. Ndio, kulikuwa na moja, lori la kanisa fulani lililojaa watu hata juu ya mabomba, nalo lilipunguza mwendo, dereva akaonyesha kwa mkono kwamba hakuna nafasi, akaenda. Pikipiki za abiria zilikuwa zimelala tangu mwezi uliopita. Mtu wa baiskeli alikubali kumbeba mgonjwa, lakini Shakuru hakuweza tena kukaa. Walipomwinua alianguka upande kama nguo.

Basi wakasukuma. Ilias alishika usukani kwa mkono mmoja kupitia mlango uliofunguliwa na kusukuma kwa bega. Prodige alikuwa nyuma. Wanaume waliokuwa wakigema mawese shambani walikuja bila kuitwa, halafu wanawake wawili wenye beseni za ndagala, dagaa wa ziwani, waliweka beseni zao chini na kusukuma pia. Hakuna aliyeuliza ni akina nani. Jua lilikuwa kali, lami imeyeyuka pembeni, hiasi ilikwenda mwendo wa mtu anayetembea polepole. Nyanza-Lac ilikuwa inaonekana. Mtu angeweza kuhesabu mabati ya nyumba za kwanza.

Mathilde alimwita Ilias kwa jina. Aliita mara moja tu. Ilias aliachia usukani, gari likaingia kwenye majani na kusimama, akapanda nyuma. Pumzi ya kasi ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuja mara mojamoja, kwa mbali. Mathilde alikuwa analia na kumwambia afanye kile ambacho watu wa dini yao hufanya, kwa sababu yeye hajui maneno yake. Ilias akapiga magoti kwenye nyaya za vyombo, akamwekea shemeji yake mdomo sikioni, akamtamkia shahada, mara ya kwanza haraka, halafu polepole, ili mtu anayetaka kuifuata aweze kuifuata. Midomo ya Shakuru haikusogea. Kama alisikia au hakusikia, Ilias hajui mpaka leo. Aliendelea kuitamka muda mrefu baada ya Prodige kumgusa begani.

Wasukumaji walielewa. Walisimama kando ya gari, wakavua kofia. Halafu mmoja wao akasema haifai kumwacha njiani, wakashika tena, na wakaisukuma hiasi mpaka mjini na maiti ndani yake.

Ilias alimpigia Hayat simu kutoka uani kwa mtu anayeitwa Radjabu, muuza mawese, ambaye alikuwa amewafungulia lango kabla hajaambiwa wanatoka wapi. Alipoliona gari na kuelewa kwamba ndani kuna Mwislamu, alituma mtu msikitini na mwingine dukani kununua sanda. Ilias alizunguka ule ua akiwa na simu mkononi, akishindwa kubonyeza. Alitaka kuwa na mpango kwanza. Mpango wake ulikuwa kutafuta mafuta, hata kama atauza hiasi yenyewe, ampeleke Shakuru Buyenzi, azikwe na watu wa mtaa wake na wa msikiti alioswalia tangu mtoto.

Hayat alipokea, akasikiliza. Hakupiga kelele. Ilias alisikia kwa mbali nyundo za mafundi wa mtaani kwao, wanagonga bati kama siku yoyote.

"Ilias, unisikilize," Hayat akasema. "Usimutembeze mu barabara. Kule Nyanza-Lac kuko Waislamu, kuko musikiti. Mumuzike leo."

"Dada, nilitaka nikuletee. Umuone."

"Najua. Lakini mayiti si muzigo ya kungojea esanse. Muoshe we mwenyewe, usiachie watu wengine peke yao. Mi nitamuombea hapa."

Akamuuliza kitu kimoja, kama mumewe aliumia sana. Ilias akasema hapana. Hayat akashukuru na kukata simu.

Ilias alimwosha pamoja na wanaume watatu wa msikiti ambao hakuwajua majina. Walimwonyesha kwa upole pale alipokosea, maana alikuwa anamwaga maji ovyo. Tumboni kwa Shakuru kulikuwa na alama ndogondogo nyingi za sindano, za miaka yote, na mmoja wa wale watu alizipitishia kitambaa taratibu kuliko sehemu nyingine. Jeneza lilibebwa na umati. Ilias hakuwahi kuona watu wengi hivyo kwenye maziko ya mtu wasiyemfahamu. Walikuja wavuvi, wauza duka, madereva wasio na la kuendesha. Walipokezana mabega mbiombio mpaka yeye, mfiwa, akajikuta nyuma, akikimbilia jeneza.

Mathilde alibaki uani na wanawake. Wao waliona mwanamke mmoja aliyeshuka na maiti, nguo yake imelowa jasho la marehemu, wakajua ni mjane. Walimkalisha mkekani, wakamfunika ushungi, wakamshika mikono huku na huku na kumwambia amshukuru Mungu, kwamba amemuuguza mume wake mpaka pumzi ya mwisho na malipo yake yako mbinguni. Alijaribu kuwaambia. Kila alipofungua kinywa walimbembeleza anyamaze. Ilias aliporudi kutoka makaburini alimkuta amekaa vile, amefunikwa, macho makavu, na ule mfuko wake wa nguo ameukumbatia. Chupa zilikuwa bado zimo.

Siku iliyofuata lori la mawese lililopata mafuta kwa kibali cha kampuni liliwapandisha Bujumbura, wamekaa juu ya mapipa. Hiasi na vyombo vilibaki kwa Radjabu. Prodige alishuka na dada yake njia ya Carama. Hakuna aliyesema watakutana lini, na kweli wote watatu pamoja hawakukutana tena. Prodige baada ya muda alipata kazi ya kupiga ngoma kanisani, halafu akaenda kambi moja Tanzania ambako baba yao mdogo alikuwa amekimbilia. Ilias alirudi gereji. Hiasi aliitembelea mara moja, akakuta Radjabu ameijengea kibanda cha makuti isiharibiwe na jua, akaona haya kuiangalia, akaondoka na gita lake la besi peke yake. Halipigi. Limetundikwa chumbani, na watoto wake wamekatazwa kuligusa.

Arobaini ilisomwa Buyenzi, watu wakajaa mpaka barabarani. Mathilde hakuja. Hayat aliliona hilo, na wageni walipopungua alimuuliza mdogo wake kulikoni. Ilias alikuwa hajamweleza habari ya Fanta. Alimweleza sasa, akiangalia sakafu. Aliongeza maneno ya Adrien, na kwamba Mathilde haimbi tena, hata jikoni, kwa mujibu wa majirani. Hayat alikunja kanga yake vizuri miguuni. Alisema amletee huyo mtu.

Ilikuwa kazi kumleta. Ilias alikwenda Carama mara kadhaa, akamkuta analima kishamba cha majirani, au anajificha ndani. Mwishoni alimwambia kwamba mjane aliye edani hawezi kutoka nyumbani, kwa hiyo kama Mathilde hataki kwenda, Hayat atavunja eda na kuja yeye. Mathilde akavaa viatu.

Walikaa watatu chumbani kwa Hayat. Hayat alikuwa amevaa nyeupe, amekonda. Alimshukuru Mathilde kwa kumshikia mumewe kichwa, na Mathilde akasema yote kwa mkupuo, Fanta ya kwanza na ya pili, na jinsi alivyomwinulia chupa mwenyewe. Hayat alimwacha amalize.

"Fanta?" akasema. "Unazani ni we ulimuanzishia? Uyu mutu alikuwa anakunywa Fanta kwa kujificha, ku duka ya pale kona, miaka yote. Anarudi nyumbani anajifanya anatoka kuswali. Mi nilikuwa nasikia harufu ku mudomo yake. Nilinyamaza, sababu nilijua ni kitu kimoja tu kilikuwa kinamufurahisha ku mubiri."

"Ni kweli, mama?"

"Mi nakaa mu eda. Naweza kukudanganya?"

Mathilde aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Hayat alimwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo, uso wake mwenyewe umeelekea dirishani.

Ilias alikuwa amekula nyumba ile jioni baada ya jioni kwa miaka mingi. Alijua kwamba sukari haikuvuka kizingiti chake, kwamba wageni walikunywa chai chungu na kuzoea, kwamba Shakuru alikuwa akipita mbele ya duka la kona bila kugeuza kichwa, na aliponunua kitu pale kilikuwa sabuni. Alimtazama dada yake, naye Hayat hakumtazama.

Alimsindikiza Mathilde kutoka. Kituo cha basi kilikuwa kimejaa watu waliosimama kwa mistari, na hakukuwa na basi. Wakaamua kutembea. Walikata mitaa ya Buyenzi yenye injini zilizofunguliwa barazani, wakapita sokoni, wakashika barabara ya kaskazini pamoja na watu wengine wengi waliokuwa wanarudi kwao kwa miguu, karani na mwanafunzi na mama mwenye mtoto mgongoni.

"Ilias, we ulikuwa unaishi naye mu gari," Mathilde akasema mwishowe. "Ulikuwa unamuona anakunywa?"

"Nilikuwa namuona," Ilias akasema.

Mathilde aliendelea kumwangalia usoni, hatua baada ya hatua, kama anayesubiri aongeze kitu. Carama ilikuwa bado mbali, na mbele yao barabara ilikuwa imejaa migongo ya watu.